Upande wa Ndani wa Ukuta

Siku ya themanini na tatu ya eda yake, Somoe alisikia kirikuu kikisimama uani na mizigo mizito ikishushwa. Alihesabu vishindo. Vilikuwa kumi na vinne. Hakuinuka kwenda dirishani, kwa sababu dirisha la chumba kile linatazama njia ya Mikindani, na kwenye njia ile watu hupita siku nzima wakitaka kujua mjane anafanya nini.

"Nini hicho, mama?" aliuliza.

Bi Nuru, mama mkwe wake, alikuwa ameketi mkekani akichambua mchele kwa vidole. Macho yake yalikuwa yamefunikwa na mtoto wa jicho miaka sita sasa, lakini hakuna kokoto iliyompita. Aliinua uso, akavuta pumzi.

"Simenti," alisema. "Nnasikia vumbi lake."

Nyumba ile ilikuwa ya mawe ya matumbawe. Ilijengwa na wazee wa akina Gulamabbas walipokuwa na shamba la minazi nje ya mji, ikaja kuachwa kwa popo. Salumu, mume wa Somoe, aliyekuwa akililinda shamba lile kwa miaka ishirini aliandikiwa karatasi na Mehrunissa, mjukuu wao mwenye duka la vyombo Mtwara mjini, kwamba nyumba ni yake. Watu walimcheka. Nyumba gani isiyo na paa. Salumu na mkewe waliitengeneza wenyewe kwa miaka mitatu, asubuhi kabla ya jua kali na jioni baada ya shamba. Walikuwa wamemaliza chumba kimoja, kimeezekwa bati. Chumba cha pili kilikuwa bado kinatazama mawingu. Katika miaka hiyo mitatu hakuna fundi aliyelipwa hata shilingi, maana hakuna fundi aliyeitwa.

Siku moja ya mwezi wa nane, Salumu aliketi chini ya ukuta wa upande wa njia apumzike, karai la chokaa mapajani. Hakuinuka tena. Presha, walisema hospitali. Waliomuosha walisema chokaa haikutoka yote kwenye kucha.

*

"Hodi, shemeji."

Zuberi, mdogo wake marehemu, alisimama nje ya pazia. Mjane hakai macho kwa macho na shemeji yake, kwa hiyo tangu mazishi maneno yao yote yalikuwa yakipita kwenye kitambaa cha maua ya kijani ambacho Somoe alikuwa amekishona mwenyewe. Alijua miguu ya Zuberi tu, kwa sababu pazia lilikuwa fupi kidogo. Siku ile miguu ilikuwa na viatu vipya.

"Karibu, shemeji. Huko kwenu Mpapura hawajambo?"

"Hawajambo. Zainabu anakusalimu. Sasa msije mkashtuka kwa kelele. Nimeleta simenti mifuko kumi na minne, na mafundi wawili. Mvua haijaanza, nataka ukuta huu wa njiani uwe umepigwa lipu mpaka juu."

Somoe alitazama pazia. "Mungu akuzidishie, shemeji. Ila kaka yako hakutia simenti nyumba hii."

"Kaka yangu hakuwa na pesa ya simenti."

Bi Nuru aliacha kuchambua mchele.

"Si pesa," Somoe alisema taratibu. "Alikuwa akisema mawe haya yanavuta maji, na lazima yapate pa kuyatolea. Chokaa inayaacha yatoke. Shimoni ipo chokaa imelowekwa tangu mwezi wa sita, imelainika kama samli. Waambie mafundi watumie hiyo."

"Shemeji." Sauti ya Zuberi ilishuka, ikawa ya mtu anayeomba. "Mimi napita hapo njiani, watu wananisimamisha. Zuberi, korosho umeuza vizuri, mbona mke wa marehemu umemwacha kwenye gofu? Niwajibu nini? Kwamba kuna chokaa shimoni? Nimeuza kilo zote za mnada wa kwanza kwa ajili ya ukuta huu. Sijanunua hata baiskeli ya mtoto. Niache nimfanyie kaka yangu kitu."

Somoe aliona vile viatu vipya, akataka kusema neno, akalimeza. Mtu anayekuletea mifuko kumi na minne humwambii viatu.

"Sawa, shemeji," alisema. "Ahsante."

*

Siku tano ukuta ulikuwa ukipigwa. Ndani, Somoe na Bi Nuru walisikia mwiko ukikwaruza na mafundi wakibishana mpira. Nje, ule ukuta wa zamani wenye rangi ya meno ya mzee uligeuka kijivu, ukanyooka, ukang'aa. Wapita njia walisimama kuusifu. Dereva mmoja wa bodaboda alimwambia Zuberi sasa hii ni nyumba, na Zuberi alirudi Mpapura siku ile akiwa na furaha aliyokuwa hajaionja tangu msiba.

Somoe hakuuona. Aliambiwa tu. Zuberi naye hakuuona upande wa ndani, kwa sababu ndani alikuwamo mjane. Ukuta ulikuwa mmoja, unene wa mkono mzima wa mtu mzima, na hakukuwa na mtu aliyeweza kusimama pande zake zote mbili.

Kuna kitu mafundi walikiona chini ya ukuta, kwenye msingi: vitundu vidogo, kumi na vinne, vimepangwa kwa hatua. Wakamwita Zuberi.

"Panya," alisema fundi mmoja.

"Panya hawapimi kwa hatua," alisema mwenzake.

"Basi nyoka watakaa humo," Zuberi alisema. "Zibeni. Kuna bibi kipofu ndani."

Wakaziba. Hakukuwa na ubaya wowote moyoni mwake.

*

Mvua ya kwanza ilinyesha siku ya mia na tatu. Chumba cha pili, kisicho na paa, kilikunywa maji usiku na mchana kama kawaida yake, na kichwa cha ukuta kilichokuwa wazi upande ule kikayapokea. Miaka mingine maji yale yaliingia ukutani, yakashuka, yakatoka chini kwenye vitundu vya Salumu, na mengine yakakaukia juani kupitia kwenye chokaa.

Siku ya mia na nane Bi Nuru alinyoosha mkono kutafuta ukuta aegemee, akauacha mkono pale pale.

"Somoe. Njoo uushike huu."

Somoe aliweka kiganja. Ukuta ulikuwa baridi, umelowa kama shavu la mtu mwenye homa inayoshuka. Chini, karibu na sakafu, kulikuwa na unga mweupe. Aliuonja kwa ncha ya ulimi. Ilikuwa chumvi.

Zuberi alipokuja Ijumaa alimwambia kupitia pazia. "Shemeji, ukuta unatoa jasho."

"Simenti inakauka hiyo, shemeji."

"Wiki ya nne?"

"Ukuta mnene. Unachukua muda."

"Zuberi," Bi Nuru aliita. "N'nakwambia mimi. Ukuta huu umejaa maji. Nkono wangu unasikia."

"Mama, nimeutazama leo asubuhi. Hauna hata ufa. Ungekuwa unaona ungefurahi."

Hakukusudia. Lakini neno lilikwisha kutoka, na Bi Nuru akarudi kwenye mkeka wake na mchele wake.

Mara ya pili Somoe alituma ujumbe kwa Zainabu, mke wa Zuberi. Jibu lilirudi kwamba Zuberi yuko Mahurunga kwenye mazishi. Mara ya tatu alimpigia simu mwenyewe, akamwambia plasta ya ndani imeanza kubonyea kama tumbo. Zuberi alisema atakuja kesho. Kesho yake mvua ilikata njia.

*

Siku ya mia na kumi na saba, saa nne asubuhi, Somoe alijifunika shuka yake nyeupe mpaka machoni, akachukua patasi na nyundo ya marehemu kutoka chini ya kitanda, akatoka mlango wa uani.

"Unakwenda wapi?" Bi Nuru aliuliza.

"Kutazama."

"Siku kumi na tatu tu zimebaki, mwanangu."

"Ndiyo maana natazama."

Jua lilimpiga usoni akasimama kidogo, macho yakizoea. Kisha akazunguka kona. Ukuta ulikuwa mzuri. Lazima aseme kweli, ulikuwa mzuri kuliko alivyodhani, na kwa kitambo kidogo aliona aibu kwa yote aliyoyasema. Halafu akatazama chini.

Alitafuta kitundu cha kwanza kwa miguu, hatua moja kutoka konani, kama walivyopima naye. Salumu alikuwa amempa kamba ashike ncha, akamwambia wewe ndiye pimamaji langu. Palikuwa na simenti tupu. Hatua ya pili, simenti. Alikwenda mpaka mwisho akarudi. Kisha akapiga magoti matopeni, akagonga.

Kitundu cha kwanza hakikutoa kitu. Cha pili kilitoa tope. Cha tatu, patasi ilipopenya tu, maji yalitoka mekundu, membamba, yakaendelea kutoka. Alifungua vitano.

Wanawake wawili waliokuwa wakitoka kisimani walisimama na ndoo zao kichwani.

"Somoe? Umetoka?"

"Nimetoka."

"Eda imekwisha?"

"Haijesha."

Wakatazamana. Hawakuwa watu wabaya, na mmoja wao ndiye aliyempikia uji siku tatu za msiba. Lakini walikuwa wamemwona mjane kwenye jua kali, nyundo mkononi, magoti wazi kwa tope, siku kumi na tatu kabla ya kutoka. Jambo la namna hii mtu halibebi peke yake. Mpaka adhuhuri lilikuwa limefika Mpapura.

*

Zuberi alikuja jioni ile ile na Ustadhi Saidi. Pazia lilionyesha miguu minne.

Ustadhi alizungumza kwanza, kwa upole. Alisema mjane akiwa na haja ya lazima anaruhusiwa kutoka mchana, sheria haikumfunga kamba. "Ila ungetafuta mtu, binti yangu. Watu wana midomo."

"Nilitafuta, ustadhi. Mara tatu."

"Nilikuwa mazishini," Zuberi alisema. "Na njia ilikatika, unajua. Shemeji, mimi sikukataza kuambiwa. Lakini leo nimeulizwa mnadani, mbele ya watu wazima, kama mke wa kaka yangu amekosa wa kumtunza mpaka anachimba ukuta kwa mikono. Umenivua nguo."

"Ukuta unajaa maji, Zuberi. Vile vitundu kaka yako aliviacha makusudi."

"Mbona hukuniambia?"

Somoe alifungua mdomo. Kweli hakumwambia. Alimwambia chokaa, alimwambia jasho, alimwambia tumbo la plasta. Vitundu hakuvitaja, kwa sababu hakujua vimezibwa. Na hakuwaza kwamba kuna mtu anayeweza kuviona akadhani vya panya.

"Nakwambia sasa," alisema.

"Sasa nimeona lipu imemwagikiwa tope jekundu mpaka chini. Nimeona mvua itaingilia hapo hapo ulipotoboa. Nikiviacha, kesho ukuta ukianguka nitaambiwa nilikuwepo nikatazama." Miguu yake iligeuka, ikarudi. "Nitaziba, shemeji. Mvua ikikoma, eda ikiisha, utoke, tusimame pamoja tuutazame. Ukitaka nibomoe lipu yote nitabomoa. Siku kumi na tatu."

Somoe alikwishainuka. Mkono wake ulikuwa kwenye pazia. Alikuwa tayari kulifunua, shemeji yake amwone uso, amwone midomo ikisema hapana.

Bi Nuru alimshika ukingo wa shuka.

"Mwache," alinong'ona. "Nimezika mmoja. Huyu aliyebaki n'nataka tupatane. Siku kumi na tatu si nyingi."

Somoe alikaa.

Kutoka nje ulikuja mlio wa mwiko. Ulikwaruza, ukagonga mara mbili, ukanyamaza. Kimoja. Akausikia ukisogea hatua moja. Viwili. Alikuwa ameegemeza kichwa ukutani, na baridi ilipita kwenye shuka mpaka kwenye sikio. Vitatu, hicho ndicho kilichokuwa kikitoa maji. Vinne. Kwenye cha tano Zuberi alichelewa, labda simenti ilimwishia karaini, na Somoe aliomba kimya kimya kwamba iwe imekwisha. Kisha mwiko ukagonga mara mbili.

*

Ulianguka siku ya mia na kumi na tisa, asubuhi, mvua imekwisha na jua limetoka vizuri. Somoe alikuwa jikoni uani akiosha mchele. Bi Nuru alikuwa mlangoni akiota jua. Hapakuwa na kishindo kikubwa kama watu walivyosimulia baadaye. Palikuwa na mlio wa kitu kizito kinachokaa chini kwa kuchoka, na kisha mwanga ukaingia mahali ambapo haukuwahi kuingia.

Ukuta wote wa njiani ulikuwa umelala nje. Mawe yalikuwa yametawanyika katika tope jekundu lililokuwa zamani udongo na chokaa ya kushikia. Lipu ya simenti ilikuwa imelala juu yake vipande vikubwa vikubwa, vizima, vinang'aa. Haikuwa na kosa hata moja. Kilichokosekana ni ukuta nyuma yake.

Bati la chumba lilining'inia. Kitanda chao kilionekana. Kanga zake kwenye kamba zilionekana, na kofia ya Salumu kwenye msumari wa ukuta wa ndani, na sahani zake tatu. Watu walianza kusimama njiani. Somoe alimwongoza mama mkwe wake ndani, kwa sababu ndani ndipo anapotakiwa kuwa, akaketi naye mkekani mahali pao pa siku zote, na watu wakawatazama kama wanavyotazama duka lililo wazi.

"Wapo wengi?" Bi Nuru aliuliza.

"Wapo."

Ndipo yule mwanamke wa kisimani, aliyepika uji msibani, alipoweka ndoo chini. Alifungua kanga yake ya juu, akapita juu ya mawe, akasimama mahali palipokuwa ukuta, akaitandaza kwa mikono miwili. Mwenzake akaja na yake. Wakaja na wengine. Walipofika saba, njia haikuonekana tena.

*

Zuberi alifika saa sita. Alishuka kwenye bodaboda kabla haijasimama sawasawa. Alikuwa amepiga simu mara tatu njiani kuuliza kama wako hai, na mara zote tatu aliambiwa wako hai, lakini bado alikuja akikimbia. Alipowaona wanawake na kanga zao alisimama, akageuza mgongo kwa adabu, akajikuta anatazama simenti yake.

Zainabu, aliyekuja naye, aliingia ndani. Aliwakumbatia wote wawili. Alisema chumba kimeshaandaliwa Mpapura, kina dari na dirisha la wavu. Ustadhi amepigiwa simu, amesema nyumba ikianguka mjane anahama, hana dhambi, anamalizia eda yake huko. Kirikuu kinakuja.

"Zimebaki kumi na moja," Somoe alisema.

"Najua, dada."

"Nilitaka kutokea hapa. Nitoke mke wa Salumu, kwa mlango huu aliouweka yeye." Hakulia. Alikuwa akifunga vyombo huku akisema. "Kuta za nyumba yako ni za nini vile?"

Zainabu alimwokotea sahani. "Tofali za simenti," alisema.

Somoe aliitikia kwa kichwa, akafunga sahani tatu ndani ya kanga, akaiangua kofia msumarini.

Nje, Zuberi alikuwa ameanza kuokota mawe. Aliyaondoa kwenye tope moja moja, akayapanga kando. Mawe yenyewe hayakuwa na tatizo, yangeweza kukaa miaka mia nyingine. Alipolifikia shimo la chokaa alifunua makuti na turubai. Ilikuwepo, nyeupe, laini, haikuguswa na mvua. Salumu alikuwa ameifunika vizuri. Zuberi alichuchumaa pale muda mrefu. Kisha akarudi mpaka karibu na kanga, akiwa bado amegeuza mgongo.

"Shemeji."

Somoe aliacha kufunga vyombo.

"Alikuwa anachanganya vipi?"

Somoe alitazama ukuta wa nguo, rangi za kanga saba na jua likipita ndani yake. Mmoja wa wale wanawake alikuwa ameegemeza viwiko mbavuni kwa kuchoka.

"Mchanga wa mtoni, usiwe wa pwani," alisema mwishowe. "Viganja vitano. Chokaa viganja viwili."

"Viganja? Hakuwa na ndoo?"

"Ndoo tatu zilikuwepo. Hakuzitumia. Alipima kwa mkono wake."

"Sasa mkono wake..." Zuberi alisema, akaishia hapo.

Bi Nuru alijikokota mpaka mbele ya mkeka. "Lete nkono," alisema.

Zuberi alipiga goti juu ya tope, akageuza uso pembeni, akaupitisha mkono wake chini ya kanga mpaka ndani. Ulikuwa umechota chokaa kutoka shimoni, imejaa mpaka inamwagika katikati ya vidole. Chini ya kucha mlikuwa na simenti ya kijivu, kavu, ya zamani.

Mama yake aliushika kwanza kifundoni. Akapapasa kidole kimoja kimoja, gumba, cha shahada, kidole kidogo kilichopinda kama cha kaka yake. Kisha akaugeuzia upande wa Somoe, kwa sababu yeye ndiye mwenye macho.

Somoe aliutazama mkono ule kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Honi ya kirikuu ilisikika njiani.

"Umezidisha," alisema. "Alikuwa hajazi kiganja. Punguza kidogo."